Reli Iking'olewa, Tuta Libaki

Msikilizaji, treni ya mwisho ikishapita, wakubwa wa reli huwa na maswali mawili ya kujibu upesi: vyuma vitauzwa kwa nani, na wafanyakazi watapelekwa wapi. Lipo na swali la tatu, la ardhi, ambalo kwa kawaida huachiwa masijala. Nani atauchukua ule ukanda uliobeba reli, mwembamba kama ushoroba wa kupitisha ng'ombe na mrefu kupita wilaya nzima? Mazungumzo ya leo ni ya swali hilo. Katika nchi kadhaa, matuta ya reli zilizokufa yamesawazishwa na kumwagiwa changarawe, na watu huyapita kwa baiskeli na kwa miguu, huko mashambani, mbali na moshi wa malori. Habari hizi zikitufikia hutufikia zimevaa nguo za utalii: mandhari, mvinyo, nyumba za wageni. Mimi nazisoma kwa upande mwingine. Dai langu ni kwamba kitu cha thamani kuliko vyote ambacho reli huacha nyuma yake ni ardhi isiyokatika, na kwamba mwenye baiskeli na mtembea kwa miguu ni walinzi wa bei nafuu kuliko wote ambao ardhi hiyo inaweza kupata. Utalii, ukija, uje kama nyongeza ya mpimaji mkarimu sokoni.

Mfano nitakaoutegemea zaidi uko mbali sana na sisi, katika eneo la Otago, kusini mwa New Zealand. Huko ndani, kati ya milima mikavu, dhahabu ilivumbuliwa mwanzoni mwa miaka ya 1860 na watu wakamiminika. Dhahabu ilipopungua walibaki wafugaji wa kondoo na wakulima wa matunda, nao walihitaji njia ya kufikisha sufu, mifugo na matunda yao katika mji wa bandari wa Dunedin. Ujenzi wa reli ulianza mwaka 1879, na haukwenda mbio hata kidogo. Reli ilifika Middlemarch mwaka 1891, Ranfurly mwaka 1898, Alexandra mwaka 1906, Clyde mwaka 1907, ikakomea Cromwell mwaka 1921. Jumla kilomita 236 kwa miaka 42, fedha zikikatika na kurudi, vibarua wakitumia sururu, koleo na baruti. Kisha lori likaja. Kwa miongo mingi sheria ya nchi ile iliilinda reli kwa kuyawekea malori kikomo cha umbali wa kusafirisha mizigo. Katika miaka ya 1980 kikomo hicho kiliondolewa, na shehena ikahamia barabarani. Kipande cha mwisho, cha Clyde hadi Cromwell, kilikuwa kimeshafungwa mwaka 1980 kupisha bwawa la umeme, na vifaa vya kujengea bwawa hilo ndivyo vilivyoipa reli iliyobaki mzigo wake mkubwa wa mwisho. Bwawa likakaribia kwisha, na mwaka 1990 treni zikakoma kupita Middlemarch.

Tuitazame kazi iliyoachwa pale. Gurudumu la chuma likitembea juu ya chuma hukutana na ukinzani mdogo sana. Ndiyo maana injini moja huvuta mabehewa ambayo malori mengi yangehangaika nayo. Lakini wepesi huohuo ni udhaifu mbele ya mlima, kwa sababu chuma hakishiki chuma vizuri, na magurudumu huanza kuzunguka bure. Mhandisi wa reli basi hana ruhusa ya kupanda kama barabara inavyopanda. Lazima auzunguke mlima, autoboe, ajaze bonde kwa udongo au alivuke kwa daraja refu. Katika njia ya Otago mwinuko mkali kabisa ni mita moja kwa kila mita 50, na kona ni pana, maana treni haikati kona kali. Sehemu ya juu kuliko zote, kati ya Wedderburn na Oturehua, iko mita 618 juu ya usawa wa bahari, na mwendeshaji baiskeli huifikia akiwa hajui hasa ni wapi alipoanza kupanda. Kwenye korongo la Poolburn kuna mahandaki mawili na daraja lenye kimo cha mita 37, nguzo zake zikiwa za mawe yaliyochongwa. Mtoto wa shule na bibi aliyestaafu wanaweza kupita hapo kwa baiskeli ya kawaida. Hakuna hazina ya serikali duniani ambayo ingekubali leo kutoboa milima na kujaza mabonde ili wapate kupita hao wawili. Kazi hiyo imeshafanywa na kulipiwa, na waliotokwa jasho wameshakufa.

Hapa ndipo hoja ya kutokatika inapoingia. Shamba la ekari kumi ukilikata nusu unabaki na mashamba mawili ya ekari tano, na kila moja lina bei yake. Ukanda wa reli hauko hivyo. Kilomita 150 zenye daraja moja lililobomolewa katikati si njia ya kilomita 150 iliyopungukiwa na mita hamsini. Ni njia mbili zinazoishia korongoni. Ukiuza robo ekari hapa kwa mwenye ghala na nusu ekari pale kwa jirani anayetaka kupanua zizi, unapata fedha kidogo na unaharibu kitu ambacho fedha hizo, hata zikizidishwa mara mia, hazikirudishi. Thamani ya ukanda huo haimo ndani ya kipande chochote. Imo katika kuungana kwa vipande vyote. Mhasibu anayetafuta thamani ya kila kipande peke yake ataona takataka: mwamba mtupu, tuta lisilolimika, korongo. Kwa vitabu vyake atakuwa sahihi kabisa, na ukanda utakwisha huku kila hati ya mauzo ikiwa safi.

Huko Otago walijihadhari mapema. Reli na mataruma viling'olewa na kuuzwa, lakini mwaka 1993 Idara ya Hifadhi ya nchi hiyo iliuchukua ukanda kutoka Middlemarch hadi Clyde ukiwa mzima, karibu kilomita 150. Mwaka uliofuata likaundwa shirika la hisani la wenyeji kuchangisha fedha. Madaraja zaidi ya sitini yakawekewa sakafu za mbao na vizuizi vya pembeni, changarawe ikashindiliwa, vibanda vikajengwa kwa mfano wa vile vya magenge ya reli ili mtu apate kujikinga na mvua na upepo. Vipande vilifunguliwa kimoja kimoja, na njia nzima ikazinduliwa Februari 2000. Waandishi wa habari hupenda mwaka huo wa 2000, na hawana kosa, kwa sababu ndio wenye utepe na makofi. Uamuzi wenyewe ulikuwa wa mwaka 1993, siku ambayo hapakuwa na kitu cha kupiga picha ila nyasi na kokoto. Kama idara ile ingesubiri kwanza utafiti wa soko la utalii, ingekuta nyua zimeshapita katikati ya tuta.

Uingereza hawakusubiri, waliuza. Ripoti ya Richard Beeching ya mwaka 1963 ilipendekeza kufungwa kwa stesheni zaidi ya 2,300 na maelfu ya maili za reli, na katika miaka iliyofuata sehemu kubwa ya mapendekezo hayo ilitekelezwa. Kuhusu treni zenyewe, watu wamebishana kwa miaka sitini na wataendelea kubishana. Baadhi ya njia zile zilikuwa hazina abiria. Kosa lisilo na utetezi lilikuwa kutoa ardhi vipandevipande. Angalieni njia ya Oxford hadi Cambridge. Treni zake nyingi zilikoma mwishoni mwa mwaka 1967, ikabaki sehemu ya katikati tu. Karibu na Cambridge wanasayansi wa chuo kikuu waliona tuta lililonyooka kuelekea mashariki na magharibi, tambarare, kama lilivyotakiwa na vyombo vyao, wakasimamisha juu yake darubini za redio za kuchunguza anga. Katika mji wa Sandy zikajengwa nyumba. Leo serikali ya Uingereza inataka tena treni kati ya Oxford na Cambridge, na upande wa mashariki, kati ya Bedford na Cambridge, imelazimika kupanga njia mpya kabisa, pamoja na mashauriano, fidia na malalamiko ya vijiji ambavyo havijawahi kupitiwa na reli. Siwalaumu wanasayansi. Ardhi ilikuwa haina mwenyewe anayeitumia, nao waliipatia kazi ya heshima.

Uskochi ilipata bahati kidogo zaidi. Reli ya kutoka Edinburgh kwenda kusini kupitia wilaya za mpakani ilifungwa Januari 1969, na watu wa huko hawakusahau. Baada ya kampeni ndefu, karibu kilomita 50 zilirudishwa na treni zikaanza kupita Septemba 2015. Sehemu kubwa ilifuata tuta la zamani, lakini penye barabara na majengo ilibidi kujenga madaraja mapya na kuipindisha njia. Kila mahali walipopinda palikuwa na gharama ambayo mwaka 1969 ingezuilika kwa hati moja ya kukataa kuuza.

Marekani, nchi ambayo tumezoea kuiona ikiheshimu mali ya mtu binafsi kupita kiasi, ndiyo iliyoandika jambo hili katika sheria kwa uwazi kuliko nyingine. Mwaka 1983 Bunge lake lilirekebisha sheria ya njia za taifa na kuruhusu kampuni ya reli inayotaka kuacha njia fulani iikabidhi kwa mamlaka au shirika lililo tayari kuitunza kama njia ya baiskeli na miguu, kwa sharti kwamba reli inaweza kurudi siku yoyote ikihitajika. Kisheria njia hiyo huhesabiwa kuwa haijaachwa, imehifadhiwa. Matunda yake yanaonekana Missouri, ambako kampuni iliyojulikana kwa ufupi kama Katy ilisimamisha treni zake mwaka 1986 kwenye njia inayofuata mto, na sasa kuna kilomita zipatazo 386 za baiskeli na miguu. Mafuriko makubwa ya mwaka 1993 yaliiharibu vibaya, na ikatengenezwa tena. Nataja mafuriko kwa makusudi. Njia iliyotelekezwa haitengenezwi baada ya mafuriko, kwa kuwa hakuna anayejua kwamba imeharibika.

Sasa pingamizi, na naanza na lile zito. Wenye mashamba ya jirani husema: babu zetu walitoa ardhi hii kwa ajili ya reli, reli imekwisha, turudishieni. Nchini Marekani hoja hiyo ina mguu wa kusimamia, kwani sehemu nyingi kampuni za reli hazikununua ardhi moja kwa moja, zilipewa haki ya kupita tu. Kesi ya familia moja ya Vermont ilifika Mahakama ya Juu. Mwaka 1990 majaji wakaamua kwamba sheria ya 1983 ni halali, lakini kwamba mwenye ardhi akinyang'anywa haki yake ana mlango wa kudai fidia kwa serikali, na baadaye mahakama nyingine ikaikubalia familia hiyo fidia. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu ikaamua kesi nyingine, ya ardhi iliyowahi kuwa ya serikali, kwa kumpa ushindi mwenye shamba. Kwa hiyo sitasema kwamba jirani hana haki. Ninachosema ni kwamba haki yake ni ya kulipwa, na haizai haki ya kuwakatia wengine wote njia. Akilipwa, amepata chake chote. Akipewa ardhi, yeye anapata ukanda mwembamba asioweza kuulima vizuri, na watu wa wilaya tatu wanapoteza njia nzima. Huko Otago wafugaji walikuwa na wasiwasi wa aina nyingine: mageti kuachwa wazi, mbwa kufukuza kondoo, moto kiangazi. Hayo ni mambo ya kanuni na ya vibao. Baadhi ya nyumba za mashamba zilizo kando ya njia ile sasa hulaza wageni, na wenye nyumba ndio wanaowahimiza wafunge mageti.

Pingamizi la pili hutoka kwa wapenzi wa treni, nami nawaheshimu kwa sababu tunataka kitu kimoja. Wao husema njia ya baiskeli ni sanda: reli ikishavikwa hairudi tena. Nikubali kwamba kati ya njia zote zilizohifadhiwa kwa sheria ile ya Marekani, zilizorudi kupitisha treni ni chache. Nikubali pia kwamba watu wakishazoea kupumzika chini ya miti ya tuta la zamani, siku serikali ikija na chuma watapiga kelele, na kelele hizo zitakuwa kura. Hatari hiyo ipo. Lakini tuilinganishe na nini? Si na treni, kwa maana treni imeshaondoka. Tuilinganishe na ukuta wa kiwanda, nyumba za Sandy, darubini za Cambridge. Ni kazi ngumu kumwomba mwendeshaji baiskeli asogee upande mmoja. Ni kazi ngumu zaidi kuiomba familia ibomoe nyumba. Na ipo dawa ya kupunguza hatari yenyewe: hati ya ardhi ibaki kwa jina la umma, sharti la reli kurudi liandikwe tangu siku ya kwanza, na kibao kiwekwe mwanzoni mwa njia kuwaambia wapitao. Kuna mpaka mmoja ningependa kuuweka hapa ili nisieleweke vibaya. Penye chuma, chuma kibaki. Simshauri mtu ang'oe reli ili apate pa kuendeshea baiskeli.

Nasema hivyo nikiwa na reli ya Tanga hadi Arusha akilini. Njia ile ilikaa muda mrefu bila treni ya abiria, watu wakaizika kwa maneno, lakini chuma kilikuwapo na hifadhi ya reli ilikuwapo; treni za abiria zikarudi Moshi mwaka 2019 na Arusha mwaka 2020. Mwaka huo wa 2020 Wakenya nao walirudisha treni ya Nanyuki. Upande mwingine kuna kisa cha kusini mwa Tanzania. Waingereza, katika mpango wao wa karanga baada ya Vita Kuu ya Pili, walijenga reli kutoka pwani ya Lindi na Mtwara hadi Nachingwea. Karanga hazikustawi, mpango ukavunjwa mwaka 1951, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli ikafungwa na vyuma vikang'olewa. Zaidi ya miaka sitini bila treni ni muda wa kutosha kwa vichaka, mashamba na barabara kuchukua chao. Leo Tanzania ina mpango wa reli kutoka Mtwara hadi Mbamba Bay kwenye Ziwa Nyasa. Sidai kwamba tuta la karanga lingewafikisha huko. Lilikuwa fupi na lilijengwa kwa haraka. Hata hivyo, kilomita za kwanza za kutoka pwani, zilizokwisha kupimwa na kusawazishwa, zingekuwa za kuanzia. Uganda wana swali hilohilo kwenye njia ya Kampala hadi Kasese, iliyojengwa miaka ya 1950 kuifuata shaba ya Kilembe, ambayo treni zake zilisimama katika miaka ya 1990. Kenya wana matawi kama lile la Gilgil hadi Nyahururu, yaliyokaa miaka mingi bila kusikia honi.

Atatokea mtu aseme kwamba njia za baiskeli za mashambani ni starehe ya wenye nafasi, wenye kofia za plastiki na chupa za maji, na kwamba kuzihubiri kwa watu wanaotafuta unga ni kukosa adabu. Pingamizi hili lingekuwa zito kama wanaoendesha baiskeli kwetu wangekuwa watu wa namna hiyo. Kwetu baiskeli hubeba mkaa, maziwa, mikungu ya ndizi, mgonjwa anayepelekwa zahanati, na watoto wawili wa shule. Barabara ya lami ilipopanuliwa, mara nyingi mwenye baiskeli alisahauliwa; anapita ukingoni huku basi likimpigia honi ashuke kwenye vumbi. Tazama pia watu wanavyotembea juu ya reli pale Kibera, asubuhi na jioni, kwa sababu ndiyo njia iliyo kavu na iliyonyooka kuelekea kazini. Watu wetu walikuwa wanayatumia matuta kama njia kabla ya mpango wowote. Walichokosa ni usalama wa kuyatumia. Huko Uingereza kwenyewe, njia ya reli ya zamani kati ya Bristol na Bath, iliyotengenezwa kwa hatua kuanzia mwaka 1979 na watu wa kujitolea, hutumiwa kila siku na wafanyakazi na wanafunzi. Hao hawaendi kutazama mandhari. Wanawahi kazini na darasani.

Na hapa kwetu kuna hoja ya ziada ambayo Otago hawakuihitaji. Hifadhi ya reli iliyolala kimya ni chakula cha matapeli wa viwanja. Mtu hutoka mbali na akiba yake ya miaka, anaoneshwa nyasi na kijiti, analipa, anajenga. Miaka kumi baadaye anakuja bwana mwenye kopo la rangi nyekundu na kumpigia alama ya X ukutani. Kisheria amevamia. Kwa ubinadamu ametapeliwa, tena serikali iliyonyamaza nayo imechangia. Tuta lenye changarawe, vibao na baiskeli mia moja kwa siku haliuziki kirahisi, kwa kuwa hata mgeni kabisa huona kwamba ni njia. Mama anayelima mchicha kandokando yake anaweza kuachwa aendelee kulima kwa mkataba wa msimu. Hazuii kitu, na macho yake ni ulinzi wa bure.

Kuhusu gharama za matengenezo sitakaa sana, maana ni jambo la kiufundi kuliko la kubishaniwa. Adui wa tuta ni maji. Kalvati likiziba, maji hupanda upande mmoja, hulainisha udongo, na mvua moja kubwa hukata tuta usiku mmoja. Hilo hutokea kuwe na baiskeli kusiwe na baiskeli. Tofauti ni kwamba penye watu kuna wa kupiga simu, na kuna sababu ya diwani kupokea. Changarawe ya njia ya baiskeli haipondwi na magurudumu kama ya barabara. Huoshwa tu na mvua, na koleo huirudisha. Gharama kubwa ni madaraja, na hiyo ni sababu ya kuyashika mapema kabla chuma chake hakijaibwa kuuzwa kama chuma chakavu, biashara ambayo sihitaji kumweleza msikilizaji wangu.

Kipande kimoja cha Otago bado kina ubishi, nacho kinanipima mimi mwenyewe. Mwaka 1990, treni za mizigo zilipokoma, halmashauri ya jiji la Dunedin ilichukua sehemu ya korongo la Taieri, kutoka Wingatui hadi Middlemarch, pamoja na chuma chake, na treni za watalii zikaendelea kupita humo kwa miaka thelathini. Zilivuka daraja la Wingatui, la chuma kitupu, mita 47 juu ya bonde, lililokamilika mwaka 1887. Wakati wa janga la korona, mwaka 2020, huduma zikasimamishwa. Ziliporudi, hazikurudi kwa ukamilifu wake wa zamani. Wako wanaotaka njia ya baiskeli iteremke korongo zima hadi karibu na mji, na wako wanaotaka treni, na ndani ya handaki lenye upana wa behewa moja hakuna nafasi ya wote wawili. Kwa mpaka nilioweka, ningeacha chuma kilipo, hata kama treni itapita mara moja kwa wiki, na baiskeli zipakiwe kwenye behewa la mizigo kama zilivyowahi kupakiwa. Lakini walipa kodi wa Dunedin ndio wanaoamua, na bili ya kulitunza daraja lile la Wingatui huenda kwao.